Kila Asubuhi Tarehe Mosi Januari

Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza stoo ya hospitali, na katika miaka yote hiyo haukutoka hata msumari mmoja bila kadi. Shuka, balbu, sabuni, mabomba ya sindano, mifagio: kila kitu kilikuwa na kadi yake ya manjano, na kila kadi ilikuwa na safu za tarehe, kilichotoka, aliyechukua na sahihi. Daktari mkuu mwenyewe akituma mtu mbio aje achukue glavu, mtu huyo alisaini kwanza ndipo akimbie. Walinung'unika, wakamwita Mzee Kadi tangu hajaota mvi hata moja, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu. Hakulichukia. "Kadi haina shangazi," alikuwa akisema, maana yake kadi haimwonei mtu haya wala haimtetei mtu kwa sababu ya udugu.

Alikuwa mtu mnyoofu, na watu wa namna hiyo ni adimu. Wangekuwa wengi, hospitali zetu zisingekosa pamba. Ila mtu mnyoofu naye ana shimo lake, na mara nyingi limechimbwa karibu kabisa na wema wake, mahali ambapo hafikirii kutazama.

Aliishi na mkewe, mshonaji wa sare za shule mwenye ulimi mwepesi, pamoja na mkamwana wao. Mtoto wao wa kiume, mume wa huyo mkamwana, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na nyumbani alionekana siku nne tu kwa mwezi. Nyumba ilikuwa ndogo na safi. Kila jioni, kabla ya chakula, Mzee Kadi alipita chumba kwa chumba: akakaza mabomba yanayodondoka, akafunga komeo za madirisha, akazima soketi zote ukutani isipokuwa ya friji. "Umeme usiotumika ni maji ya kumwaga," alisema. Hakuna aliyembishia, kwa sababu alikuwa na haki.

Sebuleni, mezani karibu na cherehani, palikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani. Aliinunua hospitali ilipouza vifaa vyake vya zamani. Haikuwa na intaneti. Yeye aliitumia kuandika mihtasari ya mikutano ya majirani, lakini aliyeitumia zaidi ni mkamwana. Huyu alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya chekechea, zamu ya mchana, na shule ilikuwa imetangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka asiye na stashahada hatapewa darasa. Kwa hiyo alijiunga na chuo kinachofundisha kwa masafa. Kila asubuhi, baada ya kufagia na kuosha vyombo, aliketi mezani akaandika kazi zake, akazihifadhi kwenye flashi, kisha akiwa njiani kwenda kazini akapitia duka la intaneti na kuzituma chuoni. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi kumi na minne. Zilikuwa zimebaki kazi mbili na mtihani.

Kompyuta ile ilikuwa na kasoro moja ambayo nyumba nzima iliizoea. Ukiiwasha asubuhi ilitoa mlio mmoja mrefu, kioo kikabaki cheusi, na juu yake mistari mitatu ya Kiingereza. Wa kwanza ulikuwa maneno ya kifundi yasiyoeleweka. Wa pili hakuna aliyeusoma. Wa tatu ulisema bonyeza F1 kuendelea, nao wakabonyeza, na ikaendelea. Ilipoanza tabia hiyo, miaka miwili nyuma, waliogopa kidogo. Wiki ya pili hawakuogopa tena. Mzee Kadi alikata kipande cha kadi ya manjano, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka kama zimepigiwa rula: IKIPIGA KELELE BONYEZA F1 IENDELEE. Akakibandika kwa gundi ya karatasi kwenye pembe ya kioo, chini upande wa kulia, mahali ambapo jicho haliwezi kukikosa.

Ziko nyumba nyingi zinazoishi hivi. Mlango ukigoma tunausukuma kwa bega, na tukishajua bega liwekwe wapi tunaacha kuuliza mlango una nini. Tunajiona hodari, kumbe tumejifunza tu namna ya kutosikiliza.

Siku moja adhuhuri mkamwana alirudi kutoka posta na bahasha ya chuo. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, viatu bado viko miguuni, halafu akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe wake.

"Baba, naomba uisome hii. Sijaielewa. Au nimeielewa, sijui."

Mzee Kadi alivaa miwani. Barua yoyote iliyofika mikononi mwake aliisoma kwa mpango wake mwenyewe: kwanza tarehe, juu upande wa kulia, ndipo maneno. Barua ilikuwa na siku tatu tangu iandikwe. Ilisema kwamba chuo kimekagua kazi za wanafunzi kwa mtambo mpya, na kwamba kazi saba za mwanafunzi huyu zinaonyesha ndani yake kuwa ziliandikwa miaka minane iliyopita, kabla hajajiunga na chuo. Kwa hiyo zinashukiwa kuwa ni kazi za mtu mwingine. Anapewa siku kumi na nne, kuanzia tarehe ya barua, atoe maelezo yenye uthibitisho. Asipofanya hivyo jina lake litafutwa. Nyuma palikuwa na orodha ya kazi saba.

Alikunja barua, akaivua miwani.

"Hizi kazi," akasema, "ulizitoa wapi?"

"Nimeziandika, Baba. Hapo." Alionyesha meza kwa kidevu.

"Najua uliandika hapo. Nauliza ulizitoa wapi."

Cherehani ilinyamaza. "We Mzee," mkewe akasema, "hilo ni swali gani? Mimi hapa nimeshona sketi mia mbili huku huyu mtoto akigonga hiyo mashine kama mvua kwenye bati. Leo unamuuliza katoa wapi?"

"Wewe ulisikia kugonga. Hukuona kinachogongwa. Hata anayenakili anagonga."

"Baba," mkamwana akasema taratibu, "miaka minane iliyopita mimi nilikuwa sekondari. Hiyo kazi ya michezo ya watoto nimeandika habari za darasa langu. Yule mtoto anayeficha viatu vya wenzake nimemweka humo. Miaka minane iliyopita hata hajazaliwa."

Hilo lilikuwa neno la kusikilizwa, na mtu mwingine angelisikiliza. Lakini Mzee Kadi alikuwa amekwisha kuona tarehe.

"Mtu anaweza kusahau," akasema. "Anaweza kudanganya, anaweza hata kulia. Tarehe inakaa pale pale ilipoandikwa. Nimeiamini miaka thelathini na mmoja na haijanitupa."

Mkamwana alimtazama. Hakulia. Alichukua barua akairudisha kwenye bahasha, akailainisha kwa kiganja.

"Sawa, Baba," akasema, akaenda kazini.

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu kuliko kawaida, na adabu ya namna ile ni baridi. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Chai ilikuja kwa wakati wake, sahani ziliondolewa kwa wakati wake. Mkamwana hakugusa kompyuta. Alianza kuandika kazi inayofuata kwa mkono, katika daftari, akiwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mgongo kaelekeza sebuleni.

"Umemnyamazisha mtoto wa watu," mkewe alimwambia Mzee Kadi. "Furahi sasa. Nyumba kimya kama stoo yako."

"Sikumtukana."

"Ungemtukana ingekuwa afadhali. Tusi huoshwa kwa samahani. Wewe umemwita mwizi kwa Kiswahili fasaha."

Maneno hayo yalimkaa. Kesho yake, mkamwana akiwa sokoni, alichukua ile barua mezani na kwa mara ya kwanza akafungua ukurasa wa nyuma, kwenye orodha. Aliisoma kama alivyozoea kusoma kadi, kidole kikiteremka safu kwa safu. Kazi ya kwanza: tarehe mosi Januari. Ya pili: tarehe mosi Januari. Ya tatu, ya nne, zote saba: mosi Januari, mwaka mmoja, na saa zote ni kati ya saa sita na saa tisa usiku.

Kidole kilisimama.

Mtu asiyewahi kufanya kazi ya stoo angeona hapo ushahidi mara saba. Yeye aliona kitu kingine. Katika stoo ya hospitali palikuwa na muhuri wa tarehe, ule wenye vigurudumu vya mpira ambavyo karani huvigeuza kila asubuhi ili siku ibadilike. Mwaka fulani alikuta fomu za siku nne zina tarehe moja. Wakubwa walitaka kumshtaki muuguzi mmoja kwamba amechukua dawa za siku nne kwa mkupuo. Mzee Kadi, enzi hizo bado na nywele nyeusi, ndiye aliyesema: ngojeni, hakuna mtu anayefanya kazi ya siku nne kwa siku moja, hapa muhuri haukugeuzwa. Na kweli haukugeuzwa. Muuguzi yule alimsalimia kwa heshima mpaka alipostaafu.

Alimtetea mgeni. Wa nyumbani kwake hakumpa hata nafasi ya kuangaliwa ukurasa wa nyuma.

Aliinuka, akabonyeza swichi ya ukutani, akaiwasha kompyuta. Ilipiga mlio wake. Mkono ulikuwa tayari unakwenda kwenye F1, akaurudisha na kuuweka pajani. Alisoma mstari wa pili, polepole, kwa Kiingereza chake cha hospitali. Ulisema kwamba tarehe na saa hazijawekwa.

Alibonyeza, akasubiri iamke, kisha akatafuta ndani yake muhuri wa tarehe uko wapi. Hakuuona popote. Akachunguza kioo kila upande hadi akafika kwenye kile kipande cha kadi ya manjano alichokibandika mwenyewe. Alikibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na maandishi madogo: saa sita na dakika saba usiku, tarehe mosi Januari, mwaka ule ule wa kwenye barua. Nje jua lilikuwa limeshapanda.

"Mama," akamwita mkewe. "Njoo utazame hapa."

Mkewe aliinama, utepe wa kupimia ukiwa umemning'inia shingoni. Akasoma. Akasoma tena.

"Haya basi," akasema. "Heri ya mwaka mpya."

Mkamwana aliporudi alimwonyesha. Hakuomba radhi; alisema tu, "Hili halijawa jibu. Ni mwanzo wa jibu," na moyoni alijua kwamba anaichelewesha radhi hiyo. Walirekebisha tarehe na saa pamoja, mkamwana akielekeza, yeye akibofya kwa kidole kimoja. Jioni alipita chumba kwa chumba kama kawaida. Asubuhi aliwasha. Mlio. Mosi Januari.

Hapo ndipo alipotoa kwenye droo kadi tupu ya manjano, mojawapo ya chache alizopewa kama kumbukumbu siku ya kustaafu, akaichora safu: siku, kilichofanyika jana, mlio, tarehe inayoonekana, sahihi. Zilikuwa zimebaki siku nane.

"Tutabadilisha kitu kimoja tu kwa siku," aliwaambia. "Ukibadilisha viwili ukapona, hujui kilichokuponya."

"Daktari wa kompyuta huyo," mkewe akasema. "Mpimeni na joto."

Siku ya kwanza alibadilisha waya wa umeme. Asubuhi, mlio, Januari. Aliandika, akasaini, wakairekebisha tena tarehe, kama walivyofanya kila ilipoonyesha Januari. Siku ya pili alifungua kifuniko, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, vumbi zito kama sufi. Siku hiyo hiyo mchana alipata simu kwamba dada yake ameteguka mguu, akaenda kumwona na akalala huko. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mkamwana kadi kwa mikono miwili, kama anayekabidhi ofisi.

"Asubuhi uwashe, uandike utakachokiona. Usiandike unachokitaka."

"Ndiyo, Baba."

Aliporudi Jumatano alasiri, kadi ilikuwa mezani. Kwa mwandiko mdogo wa kiwalimu ilisema: Hakuna mlio. Tarehe sahihi, saa sahihi. Na sahihi yake.

Uso wa Mzee Kadi ulifunguka. "Vumbi!" akasema. "Lilikuwa vumbi. Miaka yote hii." Jioni ile alikula vizuri, akapita chumba kwa chumba akikaza mabomba kwa furaha.

Alhamisi asubuhi: mlio. Mosi Januari.

Aliketi mbele ya kadi muda mrefu. Chai ilipoa. Mkewe alikuwa akipachika vifungo, mkamwana alikuwa akichambua mchele; mwishowe mkewe akauliza:

"Kadi inasema nini?"

"Inasema Jumatano."

"Jumatano kulikuwa na nini?"

"Hakuna. Waya ule ule. Vumbi lilitoka tangu Jumanne, na leo halijarudi. Umeme haukukatika usiku wowote, nimeandika hapa. Kila kitu ni kile kile."

"Kila kitu?" Mkewe aliuma uzi akaukata. "Jumanne usiku nani hakulala humu ndani?"

Mzee Kadi aliinua uso. Alimtazama mkewe, akamtazama mkamwana, ambaye aliinamia mchele kana kwamba ameona jiwe kubwa sana. Kisha akageuza kichwa polepole, akatazama soketi ya ukutani, swichi yake ikiwa juu, safi, iliyong'arishwa na kidole kimoja kwa miaka.

"Jumanne jioni," akauliza, "nani alizima soketi?"

"Hakuna aliyezima," mkewe akasema. "Mimi sina mkono wa kuzima, na mwanangu huyu huizima kompyuta yenyewe, ya ukutani haigusi. Wa kuzima alikuwa kwa dada yake." Akapachika kifungo kingine. "Kadi haina shangazi, Mzee."

Mzee Kadi alichukua kalamu, akaandika kwenye safu ya pili, kwa herufi zake zilizonyooka: Soketi ilizimwa ukutani. Katika kila mstari, isipokuwa wa Jumatano. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu hata katika fedheha, hakuridhika na hapo. Alhamisi jioni aliiacha soketi wazi, Ijumaa asubuhi tarehe ikawa sahihi. Ijumaa jioni aliizima kwa makusudi, akijua anachokifanya, na Jumamosi ikarudi Januari. Zilibaki siku tatu.

Jumamosi hiyo aliita fundi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetengeneza simu na redio katika kibanda karibu na kituo cha basi, bisibisi kaichomeka nyuma ya sikio kama kalamu. Alisoma kadi yote kabla ya kugusa mashine.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," Mzee Kadi akasema.

"Wateja wangu wote wangekuja na karatasi kama hii, ningefunga kazi saa sita mchana." Alifungua kifuniko, akachokoa, akatoa kibetri bapa cha duara, kama kifungo cha koti. "Huyu hapa. Kafa siku nyingi. Mashine ina saa yake ndani, na huyu ndiye anayeilisha ukizima umeme. Alipokufa, saa ikawa inanyonya kidogo kidogo kutoka ukutani. Ukizima ukutani, inakata roho. Ukiwasha asubuhi haijui leo ni lini, inaanza tena siku ile iliyopangiwa kiwandani."

"Na miaka miwili haikusema chochote?"

Fundi alimtazama kama mtu anayeulizwa kama mvua inalowesha. "Mzee, inapiga kelele kila siku. Mlidhani inawasalimia?"

Mkewe aliangua kicheko mpaka akaweka sindano chini. Mkamwana alijitahidi, kiganja mdomoni, akashindwa. Hata Mzee Kadi alitabasamu, ingawa kwa upande mmoja tu.

Betri mpya ilikaa mahali pake. Walizima ukutani, wakangoja fundi anywe chai yake yote, wakawasha. Hakuna mlio. Tarehe ilikuwa ya leo. Mzee Kadi alimwomba fundi aandike maelezo ya alichokikuta, apige muhuri wa kibanda chake na asaini. Kibetri kilichokufa alikitia kwenye bahasha ndogo.

Ilibaki barua. Aliiandika kwenye kompyuta ile ile, akamsomea mkewe: "Kutokana na hitilafu ya mtambo, tarehe za kazi husika ziliathirika..."

"Ziliathirika na nani? Jini?"

"Ndiyo lugha ya ofisi."

"Mtu angekuja stoo akakuandikia 'shuka ziliathirika', ungempokea?"

Akafuta sentensi yote, herufi kwa herufi, akaanza upya. Aliandika kwamba yeye ni baba mkwe wa mwanafunzi na mtunza stoo mstaafu. Kwamba betri ya saa ya kompyuta ilikufa. Kwamba kompyuta ilitoa onyo kila asubuhi, naye ndiye aliyeandika na kubandika agizo la kulipita onyo hilo, juu ya mahali ambapo tarehe ilikuwa ikionekana. Kwamba yeye ndiye aliyezima umeme ukutani kila jioni, na kwa kila kuzima alirudisha tarehe nyuma bila kujua. "Mwanafunzi hana kosa," aliandika. "Aliandika kazi zake kweli, katika mashine ambayo mimi niliifanya iseme uongo." Aliambatanisha kadi, maelezo ya fundi, kile kibetri, na kipande cha kadi ya manjano chenye agizo lake, gundi ikiwa bado imekishika.

Ingewezekana kuyasema hayo yote bila neno "mimi". Wengi wetu tumefuzu sanaa hiyo, na ofisi zetu zimejaa makosa yaliyojitenda yenyewe. Lakini kosa lisilo na mwenyewe humwangukia aliye karibu, na katika nyumba ile aliyekuwa karibu alikuwa msichana na daftari lake kwenye kizingiti.

Alitoka na barua mpaka mlango wa uani. Mkamwana alitaka kuinuka, akamwashiria akae. Yeye mwenyewe akaketi upande wa pili wa kizingiti, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda.

"Soma kwanza. Kama kuna pasipo kweli, nirekebishe."

Alisoma mpaka mwisho. "Baba, si lazima uandike hivi. Hata mimi nilikuwa nabonyeza."

"Ulibonyeza kwa sababu niliandika ubonyeze." Alitazama uani. "Uliniambia habari za yule mtoto anayeficha viatu. Kile kilikuwa kithibitisho, nami nilikisikia. Nikachagua tarehe. Nimekukosea, mwanangu. Naomba radhi."

Mkamwana alikaa na barua mapajani. "Yamekwisha, Baba," akasema, kisha akaongeza, "Ila yule mtoto siku hizi anaficha na vya mwalimu."

"Vya mwalimu mkuu?"

"Hata vya mlinzi."

"Huyo apewe kadi," Mzee Kadi akasema.

Barua ilikwenda chuoni siku tatu kabla ya muda kwisha. Wiki tatu zikapita. Mkamwana alirudi kwenye kompyuta yake, cherehani na kompyuta zikagonga pamoja kila asubuhi, na Mzee Kadi akaendelea kuzima soketi jioni, sasa kwa ruhusa ya fundi.

Bahasha ilipofika, mkamwana hakuifungua. Alimpelekea. "Fungua wewe, Baba. Mikono yangu haitaki."

Alivaa miwani, akachana bahasha, akakunjua karatasi. Jicho lake likapanda lenyewe juu, upande wa kulia, kama lilivyopanda miaka yote. Kisha akaweka kidole gumba pale, akaifunika ile pembe ya karatasi, akasoma maneno kwanza.

Alisoma taratibu mpaka chini.

"Wamekubali," akasema. "Kazi zote saba zimehesabiwa. Watakuhoji kwa mdomo juu ya mbili, wajiridhishe, halafu mtihani."

Mkamwana alijifunika uso kwa kanga. Mkewe alisimama na sare iliyoshonwa nusu mkononi. "Alhamdu... haya, asante Mungu! Imeandikwa lini hiyo, tujue imechelewa njiani au walituweka roho juu makusudi?"

"Sijui," Mzee Kadi akasema, kidole gumba bado kiko pale pale. "Sijaangalia."